Tina Haiongezi Rangi

Nikishafika nusu ya geti, mwenye nyumba huja kuchungulia kopo. "Fundi, si utie tina kidogo ifike na kwenye madirisha?" Namjibu, "Mama, tina haiongezi rangi." Hapa Tanga upepo wa bahari una chumvi, na chuma kilichopakwa rangi nyepesi hakichelewi kushika kutu.

Rangi ya mafuta hukauka kwa hatua mbili. Kwanza tina hupaa hewani, kisha mafuta yaliyobaki huvuta oksijeni na kuwa utando mgumu. Kwa hiyo tina huifanya rangi itembee vizuri chini ya brashi, halafu yenyewe inaondoka zake. Ukiizidisha, rangi huchuruzika, haifuniki, na hata mng'ao wake hupungua.

Kwenye kopo la lita 4 mimi sivuki mililita 400. Namimina kidogo kidogo huku nikikoroga kutoka chini, kwa sababu uzito wa rangi hukaa huko. Kisha nainua kijiti: rangi ikishuka kama uzi usiokatika, basi. Kwa mbao mpya ndipo naipunguza rangi uzito zaidi kwenye mkono wa kwanza, ipate kuzama.

Wapo wanaotumia mafuta ya taa kwa sababu ni rahisi kupatikana. Hayo huchelewa kupaa, na rangi hubaki inanata. Petroli ndiyo usiisogeze karibu kabisa: mvuke wake hushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse joto letu. Na hata ukitumia tina halali, fungua madirisha, na asiwepo mtu wa sigara wala jiko karibu.

Jioni ni zamu ya brashi. Naikamua kwenye gazeti mpaka iache kutoa rangi, naiosha kwenye kopo la kwanza la tina, naisuuza kwenye la pili, namalizia na sabuni na maji ya uvuguvugu. Kama kesho naendelea na rangi ileile, sihangaiki kuiosha: natoboa mpini, napitisha waya, naining'iniza ndani ya maji bila nywele kugusa chini. Maji huizuia hewa isiifikie, na asubuhi naipangusa tu.

Tina chafu simwagi mtaroni. Naifunika na kuiacha itulie. Rangi huzama, nami namimina ile safi ya juu kwa kuoshea tena. Tope la chini nalikausha nje, kisha nalitupa.

Nakuomba jambo moja: usiweke tina kwenye chupa ya soda. Iache kwenye kopo lake, ifunge, iweke juu. Mtoto akiinywa usimtapishe, maana inaweza kuingia mapafuni. Mkimbize hospitali na kopo mkononi.