Kuitayarisha Nyumba Kabla ya Kusafishwa Dohani

Katika Nyeri, Nanyuki na miji mingine iliyo karibu na Mlima Kenya, baridi huzidi mwezi wa Juni na Julai. Nyumba zenye dohani huwashwa moto kila jioni. Basi yafaa dohani isafishwe kabla ya majira hayo.

Masizi yakizidi huweza kushika moto na kuunguza paa. Tena dohani ikiziba, hewa ya sumu, isiyo na rangi wala harufu, hurudi chumbani na kuwaua waliolala. Kuni mbichi huongeza masizi.

Kwanza, moto usiwashwe tangu siku iliyotangulia, ili matofali yapoe. Pili, majivu yazolewe na kutiwa katika debe la bati, maana huenda yakaficha kaa la moto. Tatu, viti na mazulia yaondolewe, na vitu vilivyobaki vifunikwe kwa shuka kuukuu. Fundi akimaliza, aulizwe kama ameona ufa au kiota cha ndege.

Usiku wa kungoja fundi, jiko la makaa lisiingizwe chumbani. Hutoa sumu ile ile, wala halina dohani ya kuitoa nje. Heri blanketi la pili.