Mafuta ya majani hufukuza mbu, lakini kwa muda gani?

Ukiwa mkazi wa Laare, huenda hujihesabu miongoni mwa watu wanaosumbuliwa na malaria. Milima ya Nyambene ina baridi, na mbu anayeeneza maradhi hayo hastawi penye baridi. Hata hivyo, hebu fikiri ni mara ngapi wewe au mtu wa nyumbani kwako huteremka kwenye joto. Yupo anayesafiri usiku na pikapu ya miraa kwenda Isiolo na Marsabit, yupo anayeuza Garissa au Mombasa, na yupo aliye na shamba la ndengu huko chini kuelekea Mbuga ya Meru. Wengine hukesha nje wakilinda miraa isiibwe. Hao ndio wanaotaka kujua kama mafuta ya majani yanayonukia, yale yanayouzwa kwa vichupa vidogo, yanaweza kweli kuwakinga.

Yanafukuza mbu. Tatizo ni muda.

Mbu jike, ambaye ndiye anayeuma kwa kuwa anahitaji damu ili atage mayai, humtafuta mtu kwa kunusa. Hufuata hewa tunayotoa puani pamoja na harufu ya ngozi na jasho. Mafuta ya mchaichai, kivumbasi au mkaratusi humvuruga asijue mtu yuko wapi. Lakini mafuta hayo hunukia kwa sababu yanapaa hewani upesi, na yakishapaa ngozi hubaki bila kinga. Kinachoyapa nguvu ndicho kinachoyamaliza.

Mwaka wa 2002 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha matokeo ya jaribio moja la Marekani. Watu 15 waliojitolea walipakwa dawa mbalimbali, kisha wakaingiza mikono katika vizimba vyenye mbu. Dawa ya dukani yenye DEET ya karibu asilimia 24 iliwakinga kwa takriban saa tano. Dawa zilizotengenezwa kwa mafuta ya jamaa ya mchaichai, yaitwayo sitronela, hazikufikisha hata dakika 20. Dawa ya mkaratusi ilikaa karibu saa mbili.

Hapo pana jambo la kuangalia. Mkaratusi unaosifiwa na wataalamu ni ule ambao majani yake hunuka kama ndimu, wala si kila mkaratusi uliopandwa kwa ajili ya kuni na nguzo. Tena mafuta yake huongezewa nguvu kiwandani hadi yawe na kemikali iitwayo PMD kwa wingi. Ukichemsha majani kwenye sufuria nyumbani hupati dawa hiyo. Utapata harufu nzuri, na pengine nusu saa ya utulivu.

Je, kupanda kivumbasi kwenye kopo na kukiweka ndani ya nyumba? Wazee wa Pwani wamefanya hivyo tangu zamani, na watafiti wa kituo cha ICIPE walilipima jambo hili magharibi mwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mimea hiyo ilipunguza mbu, ila zaidi ya nusu bado waliuma. Kipande wewe kama wapenda, lakini usikifanye kuwa mlinzi wa mtoto wako.

Mmea uliowashinda wote ni pareto, ambao Kenya iliongoza duniani kwa kuukuza kwa miaka mingi na ambao hata Meru umelimwa. Sumu ya maua yake haiishii kumfukuza mbu, humuua. Dawa inayotiwa kwenye vyandarua vya siku hizi ilibuniwa kwa kuiga sumu hiyo hiyo. Kwa hivyo anayetaka kitu chenye asili ya mmea asikidharau chandarua.

Basi mafuta yana nafasi gani? Yanafaa saa za jioni, unapoota moto nje, unapopakia mzigo au unapolinda shamba. Usipake mafuta hayo makali peke yake, kwani huchoma ngozi. Changanya matone mawili au matatu katika kijiko cha chai cha mafuta ya nazi au ya kupikia. Jaribu kwanza sehemu ndogo ya mkono na ungoje hadi kesho yake. Usiguse macho wala midomo, na rudia kupaka kila baada ya nusu saa. Anayekesha hadi alfajiri atachoka kurudia. Ni heri anunue dawa yenye DEET na avae mikono mirefu na soksi.

Watoto wachanga wasipakwe kabisa. Dawa ya mkaratusi yenye PMD haipendekezwi kwa aliye chini ya miaka mitatu. Mafuta ya mkaratusi na kafuri yakimezwa, hata kiasi kidogo, yanaweza kumletea mtoto degedege. Kichupa kiwekwe juu, mbali na mikono yake. Akimeza, usimtapishe. Mkimbize hospitalini ukiwa na kichupa chenyewe.

Mbu wa malaria huuma zaidi usiku wa manane, wakati ambapo mafuta uliyopaka saa mbili yameshapaa zamani. Anayelala Isiolo au Garissa abebe chandarua chake kilichotiwa dawa, hasa baada ya mvua. Watu wa Wajir hawajasahau malaria iliyolipuka mwaka wa 1998 kufuatia mvua za El Nino. Na mwaka wa 2022 iligunduliwa Marsabit aina nyingine ya mbu wa malaria, Anopheles stephensi, ambaye huzaliana hata kwenye matangi na mitungi ya maji mijini.

Aliyekulia milimani hana kinga ya mwili kama aliyekulia bondeni, hivyo malaria humlemea haraka. Dalili nazo hazitokei siku ile ile. Aghalabu hujitokeza kati ya siku 10 na 15 baada ya kuumwa, msafiri akiwa amekwisharudi Laare na kusahau safari. Ukishikwa na joto, kutetemeka, kichwa au kutapika, nenda ukapimwe damu siku hiyo hiyo, na umwambie daktari ulilala wapi wiki mbili zilizopita hata kama hajakuuliza.