Swichi ya Siri katika Gari: Ifungwe Wapi, na Nani Aijue?

Siku hizi hata huku kwetu Endamarariek gari si kitu cha ajabu tena. Kuna pikipiki za abiria, kuna Noah, kuna Land Cruiser za zamani zilizochoka kubeba watalii wa Ngorongoro zikauzwa kwa wakulima. Nyingi zilinunuliwa kwa mkopo, au kwa mkataba wa kulipa kidogo kidogo kila juma, na zina bima ndogo tu. Bima hiyo humlipa mtu mwingine aliyegongwa. Mwenye gari lililoibwa haimpi hata senti moja. Gari likienda, deni labaki, na mara nyingi ni ng'ombe au shamba la nyumba nzima linalolilipa. Ndiyo maana watu wengi wameanza kuulizia swichi ya siri.

Swichi hii ni kitufe kilichofichwa, kinachokata njia ya umeme mahali fulani, ili hata mwenye ufunguo wa bandia asiweze kwenda na gari. Kuielewa si kazi. Kazi ni kuchagua mahali pa kukata, na hapo ndipo fedha nyingi hupotea bure.

Mafundi wengine hupenda kukata waya wa stata, kwa sababu ni kazi ya muda mfupi. Kwetu sisi wa milimani hiyo haifai kitu. Gari la gia za mkono likiegeshwa mteremkoni, mwizi ana haja gani na stata? Atia gia ya pili, akanyaga klachi, aliacha lishuke, kisha aondoa mguu, na injini yawaka. Swichi ya stata imfae mwenye gari la gia zinazojibadilisha zenyewe, maana hilo haliwaki kwa kusukumwa.

Wengine hufunga kikata betri. Ni kifaa imara, lakini sharti kiwe kinene, kwa sababu umeme wa stata ni ampea mia na zaidi, na kilicho chembamba kitaungua. Tena mara nyingi hukaa karibu na betri yenyewe, na mwizi akifungua boneti akiona mara moja. Na angalia: usikizime kamwe injini ikiwa inanguruma. Umeme wa alteneta utaruka juu ghafula na kuharibu vyombo vingine vya gari.

Kwa gari la petroli lenye pampu ya mafuta ya umeme, mimi naona hapo ndipo pazuri. Mwizi awasha, injini yaitika kwa mafuta yaliyobaki katika bomba, kisha yazimika yenyewe. Yeye adhani gari ni bovu. Fundi mwenye akili hatakata waya mkubwa wa pampu, bali ule mwembamba unaoiamsha rilei yake. Hapo swichi ndogo yatosha, tena haipati joto. Mwambie asiguse nyaya zenye vifuniko vya manjano, maana aghalabu hizo ni za mifuko ya hewa inayomlinda dereva katika ajali.

Dizeli ina desturi yake. Injini za dizeli za zamani, kama ya Land Cruiser iitwayo 1HZ, zina kifaa kidogo cha umeme juu ya pampu ya kusukuma mafuta. Kikikosa umeme, mafuta hayapiti. Basi ukate huo waya. Lakini ziko nyingine kuukuu zaidi, zinazozimwa kwa kuvuta kamba ya chuma. Zikishawaka hazihitaji umeme wowote. Kwa hizo swichi ni kujidanganya. Nunua mnyororo mnene na kufuli uufunge usukani.

Enyi vijana wa pikipiki, nanyi msinunue swichi kabla ya kujua CDI yenu ni ya namna gani. Namna moja hupata umeme wa betri, na ukikata waya wake pikipiki hailii hata ukipiga kiki mpaka jioni. Namna nyingine hupata umeme wa sumaku ya injini yenyewe, na huzimwa kwa kuunganisha waya na bodi. Katika hiyo, mwizi akikata waya wa swichi yako, pikipiki yawaka! Hapo nyongeza ya mnyororo haina budi.

Siku hizi vinauzwa pia vifaa vinavyozima gari kwa simu, hata likiwa njiani. Hapo nina wasiwasi. Fikiri mteremko ule wa kushukia Mto wa Mbu. Injini ikizimika, usukani wawa mzito, na breki baada ya kukanyagwa mara chache zakosa msaada wa injini. Mwizi ataumia, ndiyo, lakini hata watoto wanaotoka shule kando ya barabara. Ukitaka kifaa hicho, chagua kile kinachongoja gari lisimame ndipo kizuie lisiwake tena. Na mwizi akikukuta juu ya chombo chako na panga mkononi, mpe, na swichi umwonyeshe. Pikipiki nyingine yaweza kupatikana.

Limebaki jambo ambalo mafundi hawalisemi. Gari la jirani ndilo mara nyingi linalompeleka mama mjamzito hospitalini Karatu usiku, uchungu ukimshika. Kama mwenye gari amesafiri, au yeye ndiye mgonjwa, na siri ya swichi anaijua peke yake, gari lina faida gani kwa kijiji? Mkeo aijue, au mwanao mkubwa. Fundi akimaliza, naye aitwe aoneshwe. Wasiwepo vibarua na watoto wadogo, maana watoto husema kila kitu.

Kisha gari lipelekwe mteremkoni mchana, swichi ikiwa imezimwa, likajaribiwe kwa gia ya pili. Likiwaka likaendelea kunguruma, fundi airudie kazi yake kabla hajalipwa. Na siku nyingine, taa zikiwa zimezimwa, mama mwenye nyumba aingie garini peke yake, aitafute swichi kwa mkono, aliwashe.