Figo Zako na Dawa ya Kung'arisha Picha

Mtu akivunjika mguu, hata mtoto mdogo humwona kuwa ni mgonjwa. Lakini mtu ambaye figo zake zimedhoofika aweza kupiga gwaride asubuhi na kulima jioni, asijue kwamba sehemu kubwa ya nguvu za figo hizo imekwisha potea. Ndiyo sababu yafaa tulieleze juma hili swali moja ambalo mgonjwa huulizwa kabla ya kipimo cha MRI: "Je, figo zako ni nzima?"

Figo ni mbili, kila moja yalingana na ngumi. Kwa siku moja huchuja maji ya damu yapatayo lita 180, zikayarudisha mwilini karibu yote, na kutoa taka katika mkojo wa lita moja au mbili tu. Dawa nyingi nazo hutoka kwa njia hiyo.

MRI ni mashine ipigayo picha za ndani ya mwili kwa nguvu ya sumaku na mawimbi ya redio. Pengine daktari hutaka kuona jambo kwa uwazi zaidi, kama vile uvimbe katika ubongo. Ndipo mgonjwa adungwapo mshipani dawa ya kung'arisha picha. Dawa hiyo ina madini yaitwayo gadolini. Madini hayo yakiwa peke yake ni sumu, hivyo hufungwa ndani ya kemikali nyingine, mithili ya nyoka aliyefungiwa kikapuni. Kwa mwenye figo nzima, nusu ya dawa hutoka kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Kwa mwenye figo zilizochoka sana, nusu hiyo huweza kukawia zaidi ya saa 30, na kadiri inavyokawia ndivyo kifungo kiwezavyo kulegea.

Madhara yake yalionekana. Mwaka 1997, huko California, Marekani, madaktari walianza kuona ugonjwa mgeni kwa watu wenye maradhi ya figo: ngozi ya miguu na mikono iliwa ngumu, viungo vikakakamaa, na wengine wakashindwa kutembea. Mwaka 2006 Daktari Thomas Grobner wa Austria alionyesha kwamba ugonjwa huo wahusiana na gadolini. Mwaka 2007 Marekani iliamuru onyo kali liandikwe juu ya dawa hizo, na mwaka 2010 ikakataza aina tatu zisitumiwe kwa wenye figo zilizodhoofika sana. Tangu tahadhari hizo zishikwe, ugonjwa huo umekuwa adimu.

Hata hivyo, habari hizi zisimfanye mtu akimbie kipimo. Zipo aina ambazo huyafunga madini hayo barabara. Mwaka 2021 wataalamu wa picha na wa figo nchini Marekani walitamka kwamba hatari ya aina hizo ni ndogo mno hata kwa wenye figo dhaifu, na kwamba kumnyima mgonjwa kipimo anachokihitaji huenda kukamdhuru zaidi.

Basi tufanyeje? Kwanza, mweleze daktari iwapo una maradhi ya figo, kisukari au shinikizo la damu, au iwapo umekuwa ukimeza vidonge vya maumivu siku nyingi, kama wafanyavyo baadhi yetu baada ya safari ndefu za miguu. Kipimo cha damu kitaonyesha nguvu ya figo. Ikiwa chini ya mililita 30 kwa dakika, daktari atachagua dawa kwa uangalifu. Pili, anayesafishwa damu kwa mashine aseme siku yake, ili kipimo kifanywe muda mfupi kabla ya kusafishwa. Tatu, askari aliyebakiwa na kipande cha risasi au cha bomu mwilini asikose kukitaja kabla hajaingia chumbani, kwani sumaku ile yaweza kukisogeza chuma na kumjeruhi.

Mama na baba wa nyumba, mwandamapo na mgonjwa, msaidieni kukumbuka hayo yote. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua.