Pumzi ya Mnyama wa Tendaguru: Yale Ambayo Sinema za Dinosaria Haziyaonyeshi

Filamu ya Jurassic World Rebirth, iliyotoka Julai 2025, ni ya saba katika mfululizo ulioanzishwa na Steven Spielberg mwaka 1993, na popote filamu hizo zinapoonyeshwa, kuanzia majumba ya sinema ya Dar es Salaam hadi vibanda umiza vya miji midogo ya barabarani kama Dakawa mkoani Morogoro, watazamaji huuliza yale yale: kama dinosaria walikuwa mijusi mikubwa, kama waliishi pamoja na binadamu, na kama wataalamu wanaweza kuwafufua. Majibu ya maswali hayo yapo, na sehemu kubwa ya majibu hayo ilichimbwa katika ardhi ya Tanzania, jambo ambalo husahaulika kila mjadala wa dinosaria unapoanzia na kuishia Marekani.

Dinosaria wa kwanza kuonekana mzima katika Jurassic Park ya mwaka 1993 ni Brachiosaurus, yule mwenye shingo ndefu anayewashangaza wageni wa hifadhi. Jina hilo lilitolewa na mwanasayansi Elmer Riggs mwaka 1903 kwa mifupa ya Colorado, lakini mifupa hiyo haikuwa na fuvu wala shingo, kwa hiyo wachoraji wa vizazi vilivyofuata walikamilisha picha ya mnyama huyo kwa kutumia mifupa ya Tendaguru, kilima kilichopo mkoani Lindi. Huko ndiko mhandisi Bernhard Sattler alikokuta mfupa mkubwa mwaka 1906, na kuanzia 1909 hadi 1913 msafara wa jumba la makumbusho la Berlin, ulioanza chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig, ulichimba zaidi ya tani 200 za visukuku, yaani mabaki ya viumbe yaliyogeuka kuwa mawe. Kazi hiyo ilifanywa na mamia ya Watanganyika waliokuwa wametoka tu katika Vita vya Maji Maji na njaa iliyofuata, wakisimamiwa na Boheti bin Amrani, ambaye jicho lake la kutambua mifupa ndani ya udongo lilitegemewa na Wajerumani wenyewe, na mizigo ilibebwa na wapagazi kwa mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Kiunzi cha mifupa kilichosimamishwa Berlin mwaka 1937 kina urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu. Janensch alikuwa amemwita mnyama huyo Brachiosaurus brancai mwaka 1914. Gregory Paul alianza kumtenga na wa Marekani mwaka 1988, na mwaka 2009 Michael Taylor alilinganisha mifupa ya pande zote mbili mmoja mmoja akathibitisha kuwa tofauti ni kubwa, hivyo jina lake sasa ni Giraffatitan brancai.

Haki itendeke kwa watengenezaji wa filamu: mnyama wao anatembea miguu ikiwa imenyooka chini ya kiwiliwili na mkia ukiwa hewani, wakati kiunzi cha Berlin chenyewe kilikuwa bado kimepindishwa miguu ya mbele kwa nje, na mkia ukiburuzwa, kosa lililorekebishwa mwaka 2007 kilipopangwa upya. Walipokosea ni pale wanapomwinua kwa miguu ya nyuma ili afikie majani, kwa sababu jamii hiyo ilikuwa na miguu ya mbele mirefu kuliko ya nyuma na uzito wake uliegemea mbele, na shingo yenyewe ilishafika juu ya miti mingi bila msaada. Walikosea pia pale wanapomwonyesha akitafuna kwa kusaga taya upande hadi upande kama ng'ombe. Meno ya Giraffatitan yalikuwa ya kung'oa majani tu. Hakuwa na magego ya kusagia, akameza alichong'oa na kuyaacha matumbo yachachushe chakula kwa muda mrefu.

Lakini suala kubwa zaidi ni pumzi, nalo halionekani kabisa katika sinema. Shingo ya mnyama huyu ilikuwa na urefu wa takriban mita 8 na nusu, na mamalia mwenye shingo ya namna hiyo angekuwa taabani, kwa kuwa mamalia huvuta na kutoa hewa kwa njia ile ile, na hewa chafu inayobaki ndani ya koromeo kila anapotoa pumzi ndiyo inayorudi mapafuni kwanza anapovuta tena. Koromeo likiwa refu kupita kiasi, sehemu kubwa ya kila pumzi inakuwa ni hewa iliyokwisha kutumika. Ndege hukabiliana na tatizo hilo kwa mpango mwingine kabisa: mapafu yao ni madogo, yamebanwa kwenye mbavu na karibu hayatanuki, na kazi ya kuvuta na kusukuma hewa hufanywa na vifuko vya hewa vilivyotandaa mbele na nyuma ya mapafu. Ndege anapovuta pumzi, sehemu kubwa ya hewa safi huingia kwanza katika vifuko vya nyuma. Anapoitoa, hewa hiyo husukumwa kupita mapafuni. Anapovuta mara ya pili, huhamia vifuko vya mbele. Na anapotoa mara ya pili ndipo hutoka nje. Hewa moja, kwa hiyo, hukamilisha safari yake kwa pumzi mbili, na mapafu hupata hewa safi wakati wa kuvuta na wakati wa kutoa, ikipita upande mmoja bila kurudi nyuma.

Vifuko hivyo havikomei tumboni, bali huchomoza hadi ndani ya mifupa. Anayechinja kuku akauvunja mfupa wa juu wa bawa atauona uko wazi ndani, bila uboho, kwa sababu umeunganishwa na mfumo wa pumzi. Katika karne ya 18 daktari wa upasuaji John Hunter alionyesha kwamba ndege aliyezibwa koo huweza kuendelea kupumua kupitia mfupa wa bawa uliokatwa. Sasa, pingili za shingo na mgongo za mnyama wa Tendaguru zina matundu pembeni na vyumba ndani vinavyofanana na hivyo, na Janensch mwenyewe alivieleza kwa kina mwaka 1947, akitumia mifupa iliyobebwa na wapagazi wa Lindi. Katika pingili nyingi za dinosaria wa shingo ndefu, nusu ya ujazo au zaidi ilikuwa hewa tupu. Ndiyo maana makadirio ya uzito yaliyofikia tani 78 mwaka 1962 yameshuka, na mengi ya sasa yapo kati ya tani 23 na 40. Ndiyo maana pia shingo ya namna ile iliweza kuinuliwa. Picha za zamani zilizomweka majini, akipumua kwa pua za utosini, zilikwisha kukosolewa na mwanasayansi Kermack mwaka 1951 alipoonyesha kuwa shinikizo la maji katika kina hicho lingezuia mapafu kutanuka, na mwaka 2001 Lawrence Witmer alionyesha kuwa tundu la pua lenye nyama lilikaa mbele, karibu na mdomo.

Kwelea kwelea wanaoamiwa kutwa na wakulima wa mpunga wa Dakawa, katika bonde la Wami, wanapumua kwa mpango huo huo, kwa sababu ndege ni tawi la dinosaria lililosalia. Kumwita mnyama wa Tendaguru mjusi, kama inavyofanyika hata katika mijadala rasmi ya kumrejesha kutoka Ujerumani, ni kumweka katika ukoo usio wake: miguu ya mjusi imetanuka pembeni, na nduguze wa karibu wa dinosaria walio hai ni ndege, wakifuatiwa na mamba. Filamu zimeendeleza dhana hiyo kwa kumvua manyoya Velociraptor, mnyama wa Mongolia aliyekuwa na ukubwa wa bata mzinga, ingawa mwaka 2007 vinundu vya mizizi ya manyoya vilitambuliwa kwenye mfupa wa mkono wake. Tyrannosaurus anayeshindwa kuona mtu aliyesimama kimya ni ubunifu mtupu. Macho yake yalielekea mbele na uwezo wake wa kunusa ulikuwa mkubwa.

Upotoshaji usiovumilika ni ule unaouzwa kama elimu. Wapo wanaohubiri mitandaoni kwamba Mokele-mbembe, dinosaria aliye hai, amejificha katika vinamasi vya Kongo, na misafara imekwenda huko mara kwa mara bila kurudi na mfupa wala ngozi. Wapo wanaosambaza picha za kutengenezwa za mafuvu ya majitu na kudai kuwa binadamu waliwinda dinosaria, wakati nyayo za Laetoli, kaskazini mwa Tanzania, ambazo ni za watangulizi wa binadamu, zina umri wa miaka milioni 3.6 hivi, na dinosaria wasio ndege walitoweka miaka milioni 66 iliyopita. Na wapo wanaoahidi kuwafufua kwa damu ya mbu aliyenaswa katika kaharabu, yaani utomvu wa miti uliogeuka jiwe. Vinasaba huoza hata vikihifadhiwa vizuri. Vya kale zaidi vilivyosomwa hadi sasa, kutoka ardhi ya barafu ya Greenland, vina umri wa takriban miaka milioni 2, na kati ya hapo na Giraffatitan kuna pengo la zaidi ya miaka milioni 140. Anayechukua fedha au imani ya watu kwa ahadi hiyo anawadanganya.

Wanaotafuta mifupa ya dinosaria katika milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, wasijisumbue, kwa kuwa miamba yake ilipikwa kwa joto na mgandamizo chini ya ardhi zaidi ya miaka milioni 600 iliyopita, kabla ya dinosaria yeyote kuwepo, na udongo wa bonde la Wami ni wa hivi karibuni mno. Miamba yenye umri unaofaa ipo kwingine: bonde la Ruhuhu, ambako mifupa iliyookotwa miaka ya 1930 ilitangazwa mwaka 2012 kuwa ya Nyasasaurus, huenda dinosaria wa kale kuliko wote au ndugu yake wa karibu, na bonde la Rukwa, lililotoa Mnyamawamtuka mwaka 2019. Anayekuta mfupa mzito kama jiwe huko auache ulipo, apige picha, na atoe taarifa kwa halmashauri au Idara ya Mambo ya Kale, kwa sababu sheria ya mwaka 1964 inakataza kuchimba bila kibali, na mfupa ulioondolewa bila kumbukumbu ya tabaka lake ni vigumu kuupangia umri.