Watoto wachanga wa Eastlands wapimwe tezi ya shingo

Mkazi yeyote wa Buruburu anaufahamu moshi unaotufikia jioni upepo unapovuma kutoka upande wa kaskazini-mashariki. Si moshi wa kuni wala wa makaa, bali wa plastiki, mipira na nyaya. Sehemu yake hutoka katika jaa la Dandora. Sehemu nyingine hutoka karibu zaidi, kandokando ya barabara za mtaa wetu, ambako taka zisizozolewa huteketezwa na ambako vijana huchoma nyaya ili wapate shaba ya kuwauzia wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Nasi hufunga madirisha, tukakohoa kidogo, kisha tukaendelea na chakula cha jioni.

Tumezoea kuulaumu moshi huo kwa kikohozi na pumu, na lawama hiyo ni ya haki. Lakini leo ningependa kuwaelekeza wasomaji kwenye kiungo ambacho ni nadra kutajwa tunapozungumzia taka, nacho ni tezi ndogo iliyo mbele ya koo, ambayo matabibu huiita thairoidi. Wengi wetu huikumbuka tu tumwonapo mtu mwenye rovu. Hata hivyo, tezi hiyo ndiyo itengenezayo homoni inayoongoza ukuaji wa mwili na, zaidi ya yote, ukuaji wa ubongo. Katika miezi 3 ya kwanza ya mimba, mtoto aliye tumboni hutegemea homoni ya mamake. Homoni hiyo ikipungua sana wakati huo, au ya mtoto mwenyewe ikikosekana baada ya kuzaliwa, ubongo hukosa msingi wake.

Je, taka zinahusianaje na tezi? Plastiki zenye klorini, kama vile maganda ya nyaya na mabomba ya maji, zikiungua katika moto hafifu wa jaani huzaa sumu ziitwazo dioksini. Sumu hizo hutua juu ya udongo na majani, zikaliwa na kuku na ng'ombe, nasi tukazipokea katika mayai, nyama na maziwa. Shirika la Afya Duniani hueleza kwamba zaidi ya asilimia 90 ya dioksini zinazomfikia binadamu hupitia katika chakula. Zikishaingia mwilini hujificha ndani ya mafuta, na huchukua kati ya miaka 7 na 11 kupungua kwa nusu. Kwa hivyo, msichana azilaye leo huenda akawa nazo bado siku atakapobeba mimba.

Haya si mambo ya kubuni. Tarehe 10 Julai 1976 ajali katika kiwanda cha kemikali karibu na mji wa Seveso, kaskazini mwa Italia, ilimwaga wingu la dioksini juu ya makazi ya watu. Watafiti wakiongozwa na Andrea Baccarelli baadaye waliwachunguza watoto waliozaliwa na wanawake wa eneo hilo kati ya 1994 na 2005, yaani miaka 18 na zaidi baada ya ajali. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2008. Miongoni mwa watoto ambao mama zao waliishi mahali palipochafuliwa zaidi, asilimia 16 walikuwa na dalili katika damu kwamba tezi ilikuwa ikitatizika. Kwa wale wa mahali pasipochafuliwa, idadi hiyo haikufika asilimia 3.

Hebu sasa tujiulize: Waitaliano waliyajuaje hayo? Waliyajua kwa sababu watoto wanaozaliwa huko hudungwa kisigino siku chache baada ya kuzaliwa, na tone la damu likapimwa. Kipimo hicho kilianzishwa katika jimbo la Quebec, Kanada, miaka ya 1970 kutokana na kazi ya daktari Jean Dussault. Shabaha yake hasa ni kumtambua mtoto aliyezaliwa na tezi isiyofanya kazi, ambaye hupatikana takriban mmoja katika kila watoto 2,000 hadi 4,000. Akianza kupewa kidonge cha homoni katika wiki 2 za kwanza, hukua na kusoma kama wenzake. Akicheleweshwa, akili yake hudumaa, na dawa haiwezi tena kukirudisha kilichopotea.

Nchini Kenya hatuna mpango wa kitaifa wa kumfanyia kila mtoto mchanga kipimo hicho. Mtoto wetu hupewa chanjo za kifua kikuu na polio, akapimwa uzani, akapelekwa nyumbani. Iwapo tezi yake ina kasoro, haonyeshi lolote mwanzoni. Hulala sana, halii kwa nguvu, na majirani wanaokuja kumwona humsifu kwa utulivu wake. Sifa hizo zinapogeuka kuwa wasiwasi, miezi huwa imekwisha kupita.

Dalili kwamba sumu imetuzunguka hazikosekani. Jaa la Dandora lilianza kutumiwa katika miaka ya 1970, likatangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, na taka zikaendelea kumwagwa. Mwaka 2005 mayai ya kuku wanaochakura karibu na jaa hilo yalipimwa, yakakutwa na dioksini mara kadhaa kupita kiwango kinachokubaliwa barani Ulaya. Mwaka 2007 uchunguzi ulioagizwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira uliwahusisha watoto na vijana 328 wa maeneo ya karibu, na nusu yao walikuwa na madini mengi ya risasi katika damu. Mwaka 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru jaa hilo lihamishwe.

Sidai kwamba kila mtoto wa Buruburu ameathirika. Nasema kwamba sumu isiyopimwa haina mshtakiwa. Wakazi wa Owino Uhuru kule Mombasa, waliosumuliwa na kiwanda cha kuyeyusha betri, walipata sikio la mahakama kwa sababu damu yao ilipimwa na risasi ikaonekana. Mwaka 2020 waliamuliwa kulipwa shilingi bilioni 1.3, na baada ya rufaa ndefu Mahakama ya Juu ikaudumisha uamuzi huo Desemba 2024. Bila matokeo ya maabara, wangebaki watu wanaolalamika tu.

Kuna watakaosema kwamba serikali haina fedha za kumpima kila mtoto. Nawakumbusha kwamba Kenya imekuwa ikipima virusi vya ukimwi kwa watoto wachanga kwa matone ya damu yaliyokaushwa juu ya karatasi na kusafirishwa hadi maabara. Wauguzi wanaijua kazi hiyo, na njia ya kufikisha karatasi imekwisha kufunguliwa. Aidha, gharama ya vidonge ni ndogo ikilinganishwa na ya kumtunza maishani mtu ambaye angeweza kujitegemea.

Kwa hivyo, naitaka Wizara ya Afya ianze na hospitali za uzazi za Eastlands, na matokeo yapangwe kwa mtaa anaoishi mama. Tone moja litafanya kazi mbili: litamwokoa mtoto mgonjwa, na litatuambia kama tezi za watoto wa karibu na jaa zinatatizika kuliko za watoto wa Karen. Serikali ya Kaunti nayo izizoe taka kabla ya watu kuziwashia moto, na itii amri ya mahakama.

Nasi wakazi tuache kuchoma plastiki mlangoni. Mama wajawazito watumie chumvi iliyotiwa iodini, maana tezi yenye iodini ya kutosha hustahimili zaidi. Wala mama asiache kunyonyesha kwa hofu ya haya niliyoandika, kwani faida ya maziwa yake ingali kubwa kuliko hatari. Katiba ya 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi. Aliyezaliwa usiku wa kuamkia leo amo katika hesabu hiyo, na muda wake wa kusubiri ni wiki 2 tu.