Songea inakunywa kutoka mlima wake

Basi linalotoka Njombe kwenda Songea hushuka. Huuacha mji wenye baridi, ulio karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hupita Madaba, na abiria wanapoingia Songea huvua makoti wakiamini wamefika bondeni. Hawajafika. Songea iko juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,000. Anayetaka kulijua bonde na aendelee hadi Mbinga, kisha ateremke na lami mpaka Mbamba Bay. Katika mwendo usiofika kilomita 70, kahawa na mashamba ya mashimo ya Wamatengo, yaitwayo ngoro, yanabaki nyuma, na vinamlaki mihogo, miembe na joto la Ziwa Nyasa, ambalo uso wake haufiki hata mita 500.

Jikoni mwinuko hauna siri. Pwani maji huchemka kwenye nyuzijoto 100, na kila ukipanda mita 300 hivi hupungua kama nyuzi moja. Songea yanatokota kwenye 96 hivi, Njombe 93. Katika mji wa Leadville, jimbo la Colorado nchini Marekani, ulio mita 3,094 juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 90 tu. Maharage yaleyale yaliyoiva mapema Mbamba Bay humla mpishi wa Njombe kuni za ziada, hata moto ukiwa mkali namna gani.

Lakini mwinuko peke yake haulishi mji. Dodoma na Songea zinakaribiana kwa urefu, ila Dodoma hupata takriban milimita 570 za mvua kwa mwaka, na Songea huvuka 1,000. Tofauti hiyo ndiyo mahindi ya Mkoa wa Ruvuma, yanayopakiwa kwenye malori kila msimu kwenda kulisha mikoa mingine. Na sehemu ya mvua hiyo hupokelewa na safu ya Matogoro, inayoonekana kutoka karibu kila mtaa wa Songea.

Matogoro si milima mirefu ya kuwavuta watalii, lakini kazi yake ni kubwa kuliko kimo chake. Upande mmoja unaanza Mto Ruvuma, unaokwenda kuwa mpaka wetu na Msumbiji hadi Bahari ya Hindi. Upande mwingine Luhira, ambao maji yake huishia Ziwa Nyasa. Wa tatu ni Luwegu, unaokutana na Kilombero na kuuzaa Rufiji, mto unaozungusha mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere, yenye uwezo wa megawati 2,115. Matone mawili ya mvua moja yakianguka hatua chache kutoka kwenye kilele yanaweza kuachana yasikutane tena.

Hapo ndipo ulipo udhaifu wa mji wa juu. Mji wa bondeni hupokea mito iliyokusanya maji ya nchi nzima. Mji ulio kwenye vyanzo hauna jirani wa juu yake wa kumletea chochote. Songea hutegemea msitu wake. Ukikatwa, ukichomwa moto wa Septemba, ukilimwa hadi kingo za vijito, bomba husema kabla ya ofisi yoyote kusema.

Denver, mji wa Colorado ulio mita 1,609 juu ya bahari, ulijifunza hilo kwa gharama. Mwaka 1996, na tena 2002, moto ulikula misitu ya milima inayoupa maji. Mvua zilipokuja, majivu na udongo vilishuka hadi kwenye mabwawa, na mamlaka ya maji ikatumia mamilioni ya dola kuvizoa. Mwaka 2010 ikaingia makubaliano na idara ya misitu: fedha za wateja wa maji zigharimie pia utunzaji wa msitu. Mnywaji humlipa mlinzi wa chanzo.

Naamini Songea inaweza kufanya hivyo, na inapaswa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kudhuru chanzo cha maji, ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo hicho. Sheria ni nzuri, lakini mkulima anayelima bustani ya mboga kando ya kijito hawezi kulisha watoto kwa kifungu cha sheria. Alipwe apande miti na kuilinda, na fedha hiyo isomeke wazi kwenye ankara ya maji ili kila mteja ajue anachonunua. Umeme wa Rufiji nao uchangie, maana Luwegu hautoki hewani.

Kikwazo kikubwa ni mipaka ya ofisi. Maji ya mlima huu mmoja yako chini ya bodi tatu za mabonde, zenye makao Mtwara, Tukuyu na Iringa. Bodi hizo zikutane Songea kila mwaka kabla ya kiangazi kukolea, pamoja na manispaa na wenyeviti wa mitaa inayopakana na msitu, wapange nani anasafisha barabara za kuzuia moto na nani analipa.